Bunduki za Mti

Wiki iliyopita nilimwita fundi aje kurekebisha mlango wa jikoni uliokuwa umevimba kwa mvua. Aliupigia randa palepale barazani, na mimi nilikuwa ndani nachambua mchele. Harufu ya mbao ya mninga ikaingia. Nikaweka ungo chini, nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mpaka fundi aliponiita kusema amemaliza. Binti yangu aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia ni vumbi.

Mninga ndiyo harufu ya baba yangu. Ninyi mliokulia Ifakara miaka ile baada ya vita vya Kagera mnayakumbuka mengi ninayoyakumbuka mimi: tope jeusi la masika linalovua watu viatu, samaki wakavu wa Mofu wakiletwa mjini nyuma ya baiskeli, mbu wanaoanza kazi kabla jua halijazama. Labda mnaikumbuka na karakana ya baba, banda la bati kuukuu kando ya barabara iendayo mtoni. Alitengeneza vitanda, milango, madawati ya shule na mabenchi ya kanisa. Mimi nilicheza chini ya meza yake ya kazi, ndani ya maranda. Yale yaliyojikunja vizuri niliyaning'iniza masikioni nikawa bibi harusi.

Baba alirudi kutoka vitani mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni, kwa hiyo sikumjua alivyokuwa kabla. Mama ndiye aliyemjua. Mama alisema zamani baba alikuwa akiimba akipiga msumeno, na kwamba kanisani alikuwa anakaa mbele, upande wa kwaya. Baba niliyemjua mimi alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango, na wenzake waliposimama kwenda kupokea komunyo alibaki ameinamisha kichwa. Ilikuwa hivyo kwa muda mrefu. Kisha Pasaka moja alisimama naye akaenda mbele. Mama alilia Misa nzima, na mimi nikaona aibu, nikadhani kuna mtu amemfinya.

Nyumbani tulisali jioni kabla ya kula. Baba aliwaombea wagonjwa, akawaombea wasafiri, akawaombea marehemu wa pande zote mbili za ukoo, na mwisho kila siku alisema, "Na yule mtoto niliyemwacha kule." Mama hakuitikia sehemu hiyo. Aliinuka kwenda kuipua chungu.

Siku moja nilimsikia mama akimwambia shangazi, wakiwa wanapepeta mpunga, "Kaka yako kaacha mtoto kule Uganda. Unadhani huyo ni mzima?" Shangazi akaguna, akasema, "Mungu ndiye anajua." Basi nikaelewa kila kitu, kama watoto wanavyoelewa. Baba alikuwa na mke mwingine huko vitani, na nilikuwa na kaka. Ndiyo maana mama hakuitikia. Sikumwonea baba hasira hata kidogo. Nilikuwa mtoto wa pekee, na kaka nilimtaka sana. Nilipokula muwa nilimwachia kipingili kimoja nyuma ya debe la maji. Sisimizi wakakila, nikaweka kingine.

Siku moja nikiwa chini ya meza nikamuuliza, "Baba, yule mtoto wa kule, anaitwa nani?"

Randa ikasimama. Niliiona miguu yake tu, nyayo zake pana zenye vumbi la mbao.

"Sijui jina lake," akasema.

Nikashangaa baba gani huyu asiyejua jina la mtoto wake. Lakini randa ilianza tena, kwa nguvu kuliko kawaida, nikajua mazungumzo yameisha.

Mwaka huo ilitangazwa kwamba sikukuu ya taifa itaadhimishwa pale Ifakara kwa uzito wake, na kwamba wageni wangetoka mkoani. Shule yetu ikachaguliwa kufanya gwaride na igizo la vita. Akaletwa mkufunzi, mtu wa mgambo mwenye sauti ya kukwaruza, akatufundisha kugeuka kushoto na kulia, kutembea bila kukunja magoti, kulenga. Tulilenga kwa vijiti vya mihogo. Mkufunzi akasema vijiti ni aibu, watoto wa nchi iliyoshinda vita hawawezi kushika vijiti, zichongwe bunduki. Na fundi wa shule alikuwa baba. Nilirudi nyumbani nikikimbia njia nzima, kwa sababu nilijua yangu itakuwa nzuri kuliko zote.

Mwalimu mkuu alifika karakana kesho yake mchana, mkononi ameshika karatasi yenye picha ya bunduki. Mimi nilikuwa mahali pangu chini ya meza. Walisalimiana vizuri, wakaulizana habari za mashamba. Kisha mwalimu akaiweka picha mezani.

"Fundi Anselmi, tunazihitaji kwa darasa la tatu mpaka la saba. Mti wowote, hata kama ni mlaini."

"Madawati nitawatengenezea, mwalimu," baba akasema. "Yaliyovunjika nayo nitayafunga, na sitaki kitu. Lakini hii hapana."

"Hapana vipi? Umebanwa na kazi?"

"Sina kazi nyingi. Siwezi kuitengeneza."

Mwalimu akacheka kidogo. "Fundi kama wewe unashindwa kuchonga hii?"

Niliona anatuaibisha, kwamba kweli hajui kuchonga bunduki na hataki kusema.

"Nimeapa mbele ya Mungu," akasema hatimaye. "Mikono hii haitashika kitu cha umbo hilo, wala haitakitengeneza."

"Lakini fundi, hii ni mbao tu."

"Hata ile ilikuwa mbao tu."

"Ipi?"

Hapo baba akaketi juu ya gogo lake. Sasa niliuona uso wake, ila yeye hakuniona. Alisema polepole, kama anayesoma kitu kilichoandikwa mbali. Walikuwa wamevuka mpaka, wanapita kwenye migomba, asubuhi yenye ukungu. Wenzake wawili walikuwa wameuawa jana yake kwa risasi zilizotoka kwenye migomba kama ile. Mtu akatokea mbele yake, amelenga. Baba akawahi kufyatua.

"Nilipofika pale nikakuta ni mtoto, mwalimu. Ukubwa wa hawa wako wa darasa la tatu. Nikaokota bunduki yake. Ameichonga mwenyewe. Ameichonga vizuri, hata kifyatulio amekiweka, na mkanda wa kamba ya mgomba. Mimi ni fundi, niliona jinsi alivyohangaika na ule mti. Alikuwa anacheza."

Nje mtu alipita akipiga kengele ya baiskeli.

"Nilipokwenda kuungama, padri aliniambia Mungu amenisamehe. Nikamwambia, Padri, Mungu amesamehe, lakini mtoto bado hajasema kitu. Ndipo nikaapa. Kristo alipokamatwa alimwambia mtu wake arudishe upanga alani. Mimi nimeurudisha, mwalimu. Usinitume nikauchukue tena niwape watoto."

"Nakuelewa, fundi," mwalimu akasema, na nadhani alielewa. "Lakini mimi nimeagizwa. Watoto lazima wazoee. Nchi inalindwa na watu waliozoea."

"Hicho ndicho ninachokiogopa. Wakizoea."

Mwalimu akaikunja picha yake, akaondoka. Mimi nilibaki kwenye maranda. Mngetegemea niseme kwamba nilimhurumia baba. Sikumhurumia. Nilikuwa nimekamata jambo moja tu, kwamba kaka hatakuja. Nilikwenda nyuma ya debe la maji, nikalia, na mama aliponikuta na kuniuliza nikamwambia, "Kaka wa Uganda kafa." Mama alipoelewa nilichokuwa nikikifikiria miezi yote ile, alikaa chini kwenye tope, palepale, na kanga yake safi.

Habari zikaenea. Pale mjini walisema Fundi Anselmi amekataa kazi ya serikali. Kesho yake ikawa amelitukana jeshi, na wiki ilipoisha ikawa labda kule vitani alikimbia. Waliokuwa wameagiza milango wakaja kusema watasubiri kwanza. Katekista alikuja nyumbani akasema kanisa halikatazi kuilinda nchi, na kwamba baba anajikweza. Baba akamjibu kwamba hamkatazi mtu, anajikataza mwenyewe. Jumapili iliyofuata tulipokaa benchi letu la nyuma, waliokuwa wamekaa pale walisogea, kisha wakahama.

Aliyeendelea kuja alikuwa Mzee Seif, muuza misumari na makufuli, mtu wa asili ya Kilwa, jirani yetu wa karakana. Alivuta kiti akakaa mlangoni pa baba kama kawaida yake baada ya sala ya alasiri. "Mtu kaapa," aliwaambia waliopita wakichungulia. "Mnataka avunje kiapo halafu mumwamini kwa kitanda?"

Mama hakuwa upande wa baba. Nasema hivyo kwa sababu wanaokumbuka huwa wanawafanya mama zao malaika. Mama alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa na sababu. "Unamwombea mtoto aliyekufa," alimwambia mbele yangu, "na huyu aliye hai atakula nini?" Baba alisema, "Najua, Mama Tasi. Najua." Mama hakulitaka jibu hilo.

Bunduki zikachongwa na fundi mwingine wa kule sokoni. Zilikuwa mbaya, nzito, zimejaa vibanzi. Baba alikwenda shuleni kuomba niachwe nisishiriki gwaride, akaambiwa asiyeshiriki atafute shule nyingine. Mama akasema nitashiriki. Baba hakubishana naye. Asubuhi ya sikukuu alinifunga kamba za viatu, akanitazama na sare yangu iliyopigwa pasi, kisha akaingia ndani kuvaa shati lake la Misa.

"Baba, na wewe unakuja?"

"Nakuja kukutazama."

Uwanja ulijaa. Wageni walikaa chini ya turubai, wengine wote tulikuwa juani. Tulitembea vizuri, watu wakapiga makofi, na nitakuwa mwongo nikisema sikufurahi. Nilifurahi. Kibanzi kiliniingia kidoleni, nikakaza mkono wala sikutazama. Kisha likafuata igizo. Mkufunzi alikuwa amewachukua watoto wa darasa la kwanza, wale wadogo ambao hawakupewa bunduki, akawavisha magunia wawe maadui. Walitokea upande wa goli la pili wakiwa wameinama, wengine wanacheka, wengine wanapunga mikono kwa mama zao. Sisi tukapiga goti. Tukalenga. Mkufunzi akapuliza filimbi, tukapiga kelele wote pamoja, "Pa! Pa! Pa!" na wale wadogo wakaanguka kama walivyofundishwa. Mmoja aliyesahau kuanguka akapigiwa kelele na mwalimu wake, akaanguka naye, akajikunja vizuri, uso kwenye nyasi.

Makofi yalikuwa makubwa sana. Katikati ya makofi yale nilimwona baba yuko uwanjani.

Hakukimbia. Alitembea kama mtu anayekwenda kuokota kitu alichokiangusha. Alifika kwa yule aliyejikunja, akachuchumaa, akamshika bega. "Inuka, mwanangu," akasema. "Inuka, inuka." Mtoto akainuka, akafikiri ni sehemu ya igizo. Baba akampangusa nyasi usoni. Akaenda kwa wa pili, na wa tatu, anawainua, anawavua magunia. Watu wakacheka. Kule chini ya turubai nao walicheka, nadhani walidhani ni daktari wa vita, kwamba mkufunzi amebuni jambo jipya.

Kisha akaja kwetu. Alianzia mwisho wa mstari. "Nipe, mwanangu," alisema, na mkono akaunyoosha. Na watoto walimpa! Tulikuwa tumefundishwa kumpa mtu mzima anachoomba. Alisema "asante" kwa kila mmoja, akazipanga kwenye mkono wa kushoto kama kuni. Niliyaona machozi yake, ila sauti yake ilikuwa ileile ya kuniomba nimpatie tupa au msasa.

"Nipe, Tasi."

Nikampa. Akakiona kidole changu kinatoka damu, akakitazama, akaendelea kwa aliyefuata.

Kicheko kilikuwa kimekwisha. Mkufunzi alipuliza filimbi tena na tena. Mgambo walikuja mbio kutoka pande zote, wakamzunguka. "Weka chini!" Baba alikuwa amezikumbatia kwa mikono yote miwili, mzigo mpaka kidevuni.

"Siwezi kuziweka chini," akasema. "Wataziokota."

Walimpiga rungu la kwanza mgongoni. Hakuangusha. Hakuinua mkono wala hakuwatukana. Aliinama tu juu ya zile bunduki. Nilimsikia akisali, maneno ya kila jioni, wagonjwa, wasafiri. Ndipo mmoja wao akaanza kumpiga mkono wa kulia, palepale, mara nyingi, kama mtu anayevunja kuni. Mzee Seif alikuwa ametoka upande wa watu akiwa ameshika kofia mkononi, anapiga kelele, "Mwacheni! Hajampiga mtu! Mwacheni, hajampiga mtu!" naye wakamsukuma akaanguka. Bunduki zikadondoka, moja moja, kisha zote.

Mwalimu mmoja wa kike alinifunika uso kwa sketi yake. Kwa hiyo sikuona walivyomwondoa. Nilisikia tu mkufunzi akiamuru kila mtu aokote yake, na bendi ikaanza kupiga.

Alikaa mahabusu mpaka mvua za vuli zikaanza. Mama alimpelekea chakula kila siku, siku nyingine kinapokelewa, siku nyingine kinarudi. Mkono haukutibiwa. Alipotoka ulikuwa umejiunga wenyewe vibaya, vidole vitatu vimekunjwa kuelekea kiganjani, havifunguki. Hakuna aliyesema amekosewa. Mwaka uliofuata, nilisikia, gwaride lilifanyika tena na bunduki zilezile, wamezipaka rangi. Ndiyo matokeo ya kitendo cha baba, kama mtu akitaka kuyapima.

Tulihamia kijiji cha Mbingu, kwa ndugu za mama. Tulilima mpunga kwenye shamba la kuazima. Baba alijifunza kushika jembe kwa mkono wa kushoto na kulisukuma kwa kiwiko cha kulia. Mama alimpikia, alimfulia, alimfunga vifungo vya shati. Lakini hakuzungumza naye ila kwa lazima, na alizungumza akitazama pembeni. "Mwambie baba yako maji yamechemka." Nami nilimwambia, na baba alikuwa amekaa palepale, anasikia. Sala za jioni tulisali wawili, mimi na yeye. Nilikuwa nikiitikia sehemu zote.

Masika yake mto ulijaa ukafika mpaka kwenye migomba ya jirani. Homa ikaingia. Mtoto wa Mama Geni, aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, aliugua asubuhi, na barabara ya Ifakara ilikuwa imekatika. Kesho yake alikuwa amekufa. Mama Geni mwenyewe ndiye aliyekuja, ameloa mpaka kiunoni, akasimama uani kwetu. Alikuwa amesikia baba aliwahi kuwa fundi.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kuomba sanduku la mtoto. Sitaki kumfunga kwenye mkeka, maji yako juu sana."

Baba aliitika. Hakumwambia kwamba hawezi. Aliingia ndani, akaivuta mbao ya kitanda chao, akaitoa uani, akaiweka juu ya vinu viwili. Akaukamata msumeno kwa mkono wa kushoto. Alijaribu. Msumeno ulikwenda upande, ukaruka, ukachana mbao mahali pasipotakiwa. Akajaribu kuushika kwa mikono yote miwili, vile vidole vilivyokunjwa vikateleza. Mama Geni aligeuka akatazama mpunga. Nilisogea nimsaidie, lakini nilikuwa mdogo, msumeno ulinizidi.

Mama alikuwa jikoni. Nilimwona amesimama mlangoni, ana unga mikononi. Alitazama mbao. Alimtazama Mama Geni alivyosimama amegeuka. Akajipangusa mikono kwenye kanga, akaja, akautoa msumeno mkononi mwa baba, taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu tuhame Ifakara akamtazama usoni.

"Nionyeshe pa kukata," akasema.

Baba akaweka kidole kwenye mbao, akachora mstari kwa ukucha. Mama akaukandamiza ubao kwa goti, akaanza kukata.